Maharage ya Simuni

Mwaka ule niliamua kulima maharage kisomi. Kila ukurasa wa mtandaoni uliotaja maharage niliuhifadhi kwenye simu, kisha nikamwachia msaidizi wa akili bandia aupange: mbegu, mbolea, wadudu. Mvua zilianza kijijini kwetu Nangwa nikiwa bado nahifadhi. Mama yangu akapita na jembe begani.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Shambani huendi?”

“Namalizia sehemu ya magonjwa ya maharage.”

“Maharage yapi, mwanangu?”

Majirani walipoanza kupalilia, ndipo nikaiuliza simu nipande lini. Ikajibu kwa adabu kwamba, kwa mujibu wa kurasa zangu, nimechelewa. Msimu ule tulikula maharage ya mama, naye kila aliponipakulia aliuliza kama simu nayo imeshiba.