Ukuta wa Mawe wa Wodi ya Wazazi

Siku yangu ya kwanza kazini Itumba, wilayani Ileje, Msimamizi wa Ujenzi hakunipa mwiko wa kujengea. Jua likizama, alinipeleka nyuma ya ofisi ya zamani.

"Binti, gusa ukuta huu wa mawe. Haya, sasa gusa ule wa mabati."

Wa mawe ulikuwa na joto kama mgongo wa ng'ombe. Wa mabati ulishapoa.

"Ukuta mnene unameza joto mchana, unalirudisha polepole jioni," alisema. "Ukishaelewa hilo, mengine nitakufundisha."

Nikawa fundi mwashi, mwanamke pekee kikosini. Nilihamishiwa Tunduma, nikajenga maduka Chapwa. Huko shida ilikuwa joto la Oktoba, na kuta nene zilichelewa kupata moto, watu wakauza bila kuhema. Kisha nikarudishwa milima ya Ileje kujenga wodi ya wazazi.

Mhandisi, kijana mwenye heshima, alikuwa amechora kuta nyembamba za tofali zenye matundu.

Nikamwambia, "Mhandisi, Juni huku vichanga vinatetemeka. Nipe ukuta mmoja wa mawe, unene wa dhiraa, kiwiko hadi ncha ya kidole, utazamane na madirisha ya kaskazini. Miezi hiyo jua linapita upande huo."

"Mama, mawe yatachelewesha kazi. Na ukuta huo usipoleta joto nitamjibu nini Mkurugenzi wa Halmashauri?"

"Mwambie mimi ndiye niliyeng'ang'ania."

Alicheka, akabadili mchoro.

Juni ilipofika tulikwenda kukagua. Ilikuwa jioni, ukungu umeshuka. Matroni alitufungulia mlango. Akina mama walikuwa wamesogeza vitanda vyote karibu na ukuta, wanapiga soga, watoto wamelala. Mmoja akaniuliza kwa lafudhi ya Kindali, "Dada, moto mmeuficha wapi?"

Mhandisi alivua miwani, akaifuta muda mrefu. "Mama," alisema, "michoro ya zahanati nyingine za wilaya tukae tuichore pamoja."

Sasa nimestaafu, naishi Ihanda. Vijana wananieleza habari za vifuko vya nta vinavyowekwa darini: mchana nta inayeyuka na kubeba joto, jioni inaganda na kulitoa. Nafurahi kusikia. Kazi ni ileile, ila mgongo wa fundi umepata nafuu.

Siku ya kuniaga, wenzangu walinizawadia blanketi zito la kulalia uzeeni. Nililipokea kwa vigelegele. Hadi leo limo kwenye mfuko wake, maana nyumba ninayolala nimeijenga mwenyewe.