Saksafoni ya Kaka Katika Ngano ya Hanang

Safari hii niliifanya kwa sababu ya ubahili, na ni vizuri niseme mapema kabla mke wangu hajaniwahi kuisema yeye. Nilikuwa mwalimu wa sekondari mjini Mbulu, nimepangiwa huko kutoka kwetu Manyoni, na mshahara ukishanunua unga na mafuta ya taa, kilichobaki kilikwenda kwenye sahani za santuri. Za jazi tu. Jazi kwetu zilikuwa zile bendi za dansi za miji ya reli, ila sikukataa za Wamarekani zilipopatikana kwa bei chee. Nilikuwa na kanuni moja, nayo niliwahubiria walimu wenzangu mpaka wakanikimbia: usinunue sahani inapotoka. Subiri. Wenye haraka wakishamaliza haraka zao, itatolewa upya, nyimbo nyingi kwenye sahani moja kubwa, kwa bei ya kutupa.

Kaka yangu Shabani alipuliza saksafoni katika bendi moja ndogo ya kwetu. Walikwenda Nairobi mara moja tu, wakarekodi, wakarudi. Muda si mrefu kifua kikamuua. Sahani aliyomletea mama iliachwa juani siku ya msiba, ikajikunja kama chapati, na tangu hapo nyumbani hatukuwa tena na sauti yake. Kwa hiyo siku nilipouona wimbo wake katika duka moja la Arusha, kwenye sahani kubwa iliyotolewa upya, niliona Mungu amekubaliana na kanuni yangu. Nikapatana bei mpaka mwenye duka akaniuliza kama nimekula.

Nyumbani nilimwita mke wangu, Zena, aje amsikilize shemeji ambaye hakuwahi kumwona. Gitaa zikaingia, mwimbaji akaimba, na pale saksafoni ilipotakiwa kupokea, sauti ikaanza kufifia. Shabani alivuta kama noti mbili hivi, akazama. Ili nyimbo zote zitoshe kwenye sahani moja, wenye kampuni walikuwa wamezikata mikia nyimbo zenyewe.

Zena alitazama gramafoni, akanitazama mimi. "Umemnunua kaka yako nusu bei," alisema, "wamekupa nusu."

Hapo ndipo nilipomsikia dereva Hamisi. Alikuwa akipeleka vipuri kwenye mashamba ya ngano ya serikali kule Hanang, na siku hiyo alikuwa akibadilisha gurudumu karibu na shule huku akipiga mluzi. Ulikuwa wimbo wetu. Alipofika pale ambapo sahani yangu hufifia, yeye akaendelea. Nilisimama na chaki mkononi. Alisema sahani ndogo ya zamani, ile ya kwanza kabisa, iko kwa fundi mmoja wa mitambo anayeitwa Bura, na kwamba huyo fundi huipiga kila apatapo mgeni.

Likizo ilipoanza tu, nikaomba nafasi kwenye lori lake.

Tulitoka Mbulu asubuhi, baridi ya Julai ikiuma masikio. Zena alinipa chapati na onyo: "Mwambie mtu shida yako." Sikumsikiliza, kwa sababu mimi ni mtaalamu. Muuzaji akijua una shida, bei inapanda, na akijua ni shida ya damu, inapaa. Njia nzima, mpaka tunapita Tumati ambako watu walikuwa wakitoa ng'ombe kwenda kunywa maji, nilikuwa natafuta kisingizio. Ng'ombe wale ndio walionipa. Nitasema natafuta mtamba wa maziwa, halafu wakati wa kuaga niulize kama kwa bahati mbaya, "Na kile kisahani, mnakiuza?"

Hamisi aliniuliza kama namjua mtamba. Nilimwambia ng'ombe ni ng'ombe.

Tulipoteremka kwenye tambarare za Hanang niliacha kwa muda kuwaza hila. Ngano ilikuwa imeiva, imelala njano mpaka chini ya mlima, na mashine za kuvuna zilikwenda zimepangana, kila moja na wingu lake la vumbi. Sikuwa nimewahi kuona shamba lisilo na mwisho wala mtu mwenye jembe. Mtu mwenyewe utamwona juu ya mashine, amejifunga kitambaa usoni.

Jioni tulifika kwenye nyumba za wafanyakazi. Fundi Bura alikuwa mtu mrefu, Mwiraqw, mikono imeingia grisi isiyotoka hata kwa sabuni ya magadi. Mkewe, Mama Paskali, alinipa maziwa mgando kwenye kibuyu kabla hata sijaeleza nimetokea wapi.

"Karibu sana, Mwalimu. Hamisi amesema unatafuta mtamba," alisema Bura. "Umefika mahali pake."

Jenereta la shamba lilinguruma, taa ikawaka, na baada ya chakula Bura akafungua kabati na kutoa gramafoni. Akaitoa sahani ndogo kwenye karatasi yake, akaifuta kwa kiganja.

"Unapenda muziki, Mwalimu?"

"Si sana," nilisema, nikapiga miayo.

Akaiweka hivyo hivyo, maana mgeni ni mgeni. Gitaa zikaingia. Sikutikisa hata kidole. Niliangalia dari, nikajikuna shingo, nikamuuliza Mama Paskali habari za mahindi. Mwimbaji alikuwa anamalizia ubeti wa mwisho, nami nilikuwa nimejibana pumzi, Bura aliponitazama usoni, akaona uchovu mkubwa, akanyanyua sindano.

"Tumwache mgeni apumzike," alimwambia mkewe. "Tunampigia makelele tu."

Nilimshukuru. Wallahi nilimshukuru, nikaenda kulala, na kitandani nikajiita majina ambayo mwalimu haruhusiwi kumwita mwanafunzi.

Jumapili, wenyeji wangu waliporudi kutoka kanisani, ilianza adhabu yangu ya pili. Nilidhani Bura atanionyesha zizi lake, nitamkosoa ng'ombe mmoja au wawili, tutamaliza. Kumbe ng'ombe wa Bura hawakuwa kwa Bura. Mmoja alikuwa kwa shemeji yake, wawili kwa rafiki yake ng'ambo ya korongo, wengine mbali zaidi, na waliokuwa zizini mwake walikuwa wa watu.

"Ukiweka wote mahali pamoja, ugonjwa ukija umekwisha," alinieleza tukitembea. "Unamwekea mwenzako. Yeye anakunywa maziwa, samadi ni yake, lakini ng'ombe ni wako na ndama ni wako. Akifa anakuletea ngozi uone."

"Na akimuuza?"

Bura alisimama njiani. "Amuuze vipi? Si wake."

Tulikwenda nyumba hadi nyumba. Kila nyumba niliingizwa, nikapewa maziwa, nikatolewa nje kuangalia mtamba. Wazee walinisubiri niseme jambo la maana. Kwenye nyumba ya kwanza nilimsifu mtamba kwa pembe. Kwenye ya pili mzee mmoja akaniuliza nataka wa ukoo gani, nikasema wa kawaida. Nyumba iliyofuata nilimwinamia mmoja kumtazama meno, akanipiga kichwa cha tumbo, juu ya maziwa yote yale. Hakuna aliyecheka mbele yangu, jambo ambalo lilinitesa zaidi. Walikuwa wameacha shughuli zao za siku ya mapumziko kumsaidia mwalimu mgeni apate ng'ombe.

Jioni jenereta halikuwashwa, mafuta yalihitajika kwa mashine za mavuno. Tulikaa na koroboi. Nikaona sasa ndiyo saa, nikasema kwa sauti ya mtu anayeulizia chumvi, "Na kile kisahani cha jana, unaweza kukiuza?"

"Siwezi," alisema Bura. "Nimewekewa."

Nilielewa mara moja. Baada ya siku nzima ya darasa, hata mimi nilielewa. Sahani ilikuwa ya Mama Martina, mjane wa dereva wa trekta aliyemfundisha Bura kazi. Mumewe alipofariki alirudi kwao Nangwa, ambako hakuwa na gramafoni wala umeme, akaiacha sahani kwa Bura kama mtu anavyoweka ng'ombe kwa rafiki. Bura alisema kesho anakwenda Katesh kuchukua mkanda wa mashine, na Nangwa si mbali na hapo. Atanipeleka, na sahani atakuja nayo, kwa sababu habari za ng'ombe haziamuliwi mwenye mali akiwa hamwoni. Akaibana katikati ya vipande viwili vipana vya katoni, akafunga kamba.

Jumatatu tulifika Nangwa jua likiwa limepanda. Mama Martina alikuwa uani akipepeta maharage, mwanamke mnene wa makamo ya mama yangu, shuka begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibuni. Bura, watoto hawajambo?"

Bura alieleza kwa Kiiraqw, kisha akakaa. Mama Martina akanigeukia. "Unaitakia nini sahani yangu?"

"Nakusanya tu, mama."

"Unazo nyingi?"

"Nyingi," nilisema kwa fahari.

"Basi hii huihitaji."

Nikataja bei. Akaendelea kupepeta. Nikaongeza kidogo. Akapuliza makapi. Hapo nikatumia silaha yangu ya mwisho, ile isiyowahi kunitupa katika soko lolote: nikanyanyuka, nikaaga kwa huzuni, nikaondoka taratibu ili niitwe. Nikafika kwenye uzio wa miti. Kimya. Nikafika barabarani, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Nilipogeuka, Bura alikuwa anakunywa maziwa na Mama Martina alikuwa amehamia kwenye debe jingine la maharage.

Nilisimama pale barabarani, na ndipo uchungu uliponishika. Nilikuwa nimemkosa Shabani Arusha kwa ubahili, nikamkosa kwa Bura kwa hila, na sasa nilikuwa namwacha kwa miguu yangu mwenyewe. Nikarudi. Sikujua nianzie wapi, nikaanzia mwisho.

"Mama, yule anayepuliza saksafoni ni kaka yangu. Baba mmoja, mama mmoja. Amekufa. Sijamsikia tangu azikwe."

Ungo ulisimama. "Na huyu mtamba unayemtafuta?"

"Hakuna mtamba."

Bura aliweka kibuyu chini. Nadhani alikuwa anazihesabu zile nyumba zote moyoni.

"Kwa nini hukusema?" aliuliza Mama Martina.

"Niliogopa bei itapanda."

Alianza kucheka polepole, bega moja, kisha la pili, mpaka akashika mlango. Bura naye akaangua. Mimi sikucheka, nilikuwa natafuta leso. Alipotulia alijifuta macho kwa shuka, akasema, "Mficha uchi hazai, Mwalimu. Ungenyamaza kidogo tu zaidi, ungerudi Mbulu na maziwa tumboni basi."

Kisha akawa mkali kidogo. "Kuuza siuzi. Mume wangu aliinunua, tulikuwa tunaicheza sebuleni pale shambani, ngano ikiisha kuvunwa. Lakini huyo unayemtaka ni mtu wako. Nitakuwekea, kama ng'ombe."

Nikatoa fedha zote nilizokuwa nazo, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikapatana bei kwenda juu. Alizirudisha mfukoni mwangu kwa mkono wake. Akasema Bura ndiye shahidi. Nisimpe mtu mwingine sahani. Yeye ana haki ya kuja kuiona siku yoyote, na siku hiyo aisikie. "Na ikivunjika," alisema, "usininunulie nyingine. Niletee vipande."

Bura alinisindikiza hadi barabarani. Nilimwomba radhi kwa Jumapili yake. "Wazee watafurahi," alisema. "Walisema hawajawahi kuona mtu anayenunua ng'ombe kwa kuangalia pembe."

Basi la Katesh liliniteremsha Dareda, nikapata gari la mizigo la kupanda mlima kwenda Dongobesh. Njia nzima nilizikumbatia zile katoni, sikukubali ziwekwe chini wala juu ya viazi. Mama mmoja aliyebeba kuku alinionea huruma.

"Ni eksirei?"

"Ni ya kaka yangu," nilisema.

"Kifua?"

"Kifua."

"Pole sana. Mungu atamsaidia."

Niliitikia amina, na sikuona kama nimemdanganya.

Nyumbani Mbulu Zena hakuuliza bei. Nadhani uso wangu ulimjibu. Tukaweka betri mpya, nikaifuta sahani kwa kiganja kama Bura, nikashusha sindano. Gitaa zikaingia, mwimbaji akaimba hadi ubeti wa mwisho, na safari hii hakuna kilichofifia. Shabani akaingia. Aliingia amechelewa. Noti ya kwanza ilimponyoka ikalia kama mlango, ya pili akaikamata, halafu akapoteza njia kabisa na gitaa zikamsubiri. Miaka yote nilikuwa nikiwaambia watu kwamba kaka yangu alikuwa mpulizaji bora kuliko wote reli nzima. Alikuwa wa kawaida. Lakini kati ya noti na noti alivuta pumzi, kwa nguvu, puani, vile vile alivyokuwa akivuta tulipolala kitanda kimoja, na pumzi hiyo nikaisikia sebuleni kwangu.

Nililia bila kujificha. Nimekusanya sahani nyingi kwa bei chee, na zote ni zangu, na sikumbuki lini nilizisikiliza. Hii moja si yangu.

Zena alingoja sindano ifike mwisho.

"Hakuwa hodari sana," alisema taratibu.

"Hakuwa."

"Mrudie toka mwanzo."