Spika ya Msikiti

Kwenye basi la Edmonton, huku ughaibuni, mbele yangu walikaa wanawake wawili wa Pemba. Mmoja akajisifu: "Kijijini kwetu tumewekewa king'ora cha tsunami, shoga. Mitambo ikigundua hatari baharini, kinalia, watu wanakimbilia mlimani."

Mwenziwe akabetua mdomo. "Kwetu hutangazwa kwa spika ya msikiti. Siku ya majaribio mama aliisikia inakoroma si wakati wa sala, akajua panatangazwa maiti. Akajitanda kanga, akateremka msikitini. Na msikiti uko ufukweni!"

Walicheka. Mimi nilikionea wivu kile king'ora, maana mama yangu naye anakaa pwani, na kwetu pia ni spika. Nilipofika nyumbani nikampigia simu: "Mama, spika ikilia si wakati wa sala, panda mlimani kwanza. Aliyekufa ni nani, utauliza ukishafika juu."