Kufuli la Mwenye Nyumba

Mlango wa banda langu la korosho hapa Newala una kufuli katikati ambalo halifungi wala halifungui kitu. Kila mgeni anauliza. Nimechoka kueleza kwa mdomo, naandika.

Nilikuwa na duka la vitenge Masasi. Nilipoipanga ile fremu, chumba cha duka, haikuwa na mlango, ilikuwa tundu tu ukutani na mbuzi wanalala ndani. Nikamwambia mwenye nyumba aweke mlango kwanza. Akacheka.

"Bibi, hapa kila mpangaji anakuja na mlango wake. Akihama, anahama nao."

Haya. Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, akanitengenezea mlango wa chuma wa mabawa mawili, mzito hasa.

Mwenye nyumba mwenyewe ni rika la kitinda mimba wangu, na shikamoo haimtoki mdomoni. Siku ya kunipangisha, shikamoo bibi. Siku ya kunipandishia kodi, shikamoo bibi. Na mimi naitika marahaba, ndivyo nilivyolelewa.

Kodi aliipandisha msimu wa korosho, watu wana hela mkononi, duka limejaa. Na ni mtoto wa huku huku, baba yake ana mikorosho Chiwata! Anajua kabisa kwamba masika mkulima ananunua chumvi na sabuni, kitenge anakishika tu na kukirudisha. Masika ikaja, nikakaa natazamana na vitenge vyangu. Kodi hailipiki. Nikamwambia mapema, hii niliyokwisha kulipa ikiisha, ninatoka.

"Mkataba ni wa miaka miwili, bibi."

"Si ulisema nikichoka nikuambie tu?"

"Hayo nilisema kwa mdomo."

Kwa mdomo! Kwani zile shikamoo zake alikuwa anazitoa kwa kidole?

Akasema basi nitafute mtu wa kuchukua nafasi yangu. Nikamtafuta, nikampata mama mmoja muuza viatu kutoka Lukuledi, akaipenda fremu. Mwenye nyumba akamtajia kodi kubwa kuliko yangu. Mama wa watu akaondoka hata kwaheri hakuaga vizuri. Jioni kijana ananipitia: "Shikamoo bibi. Mteja wako vipi?"

Kodi ilipoisha nikaenda asubuhi kufungasha. Nikakuta kufuli jipya, kubwa, limepigwa juu ya langu. Vitenge vyote vimo ndani, na sina mtaji mwingine duniani. Nikampigia simu.

"Shikamoo bibi. Lipa ya miezi sita ijayo, nakuja kukufungulia."

Sijawahi kumnyima mtu marahaba. Siku hiyo nilimnyima. Nikakata simu.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa nikamwambia, nakwenda kuchukua mlango wangu, njoo utazame nisije nikaitwa mwizi. Akaja. Fundi yule yule aliyeutengeneza akaja na msumeno wake wa umeme. Nikafungua kufuli langu kwa ufunguo wangu. La kwake sikuligusa. Fundi akakata bawaba za kushoto, akakata za kulia. Mlango ukatoka mzima, mabawa mawili yameshikana, kufuli lake linaning'inia katikati. Wanaume wanne wakaubeba, na watu wa mtaani wakaanza utani.

"Jamani, bibi anahama na mlango!"

"Subirini, kesho anafuata ukuta!"

Mwenye nyumba akafika na bodaboda, anahema. Leo shikamoo kaisahau.

"Umevunja kufuli langu!"

"Njoo ulitazame," nikamwambia.

Mwenyekiti akaliinua, akalivuta. Zima. Akamwuliza, "Mlango ni wa nani?"

Mama wa chai wa fremu ya jirani akamjibia: "Si wewe unayetuambia kila mpangaji ahame na wake?"

"Na mkataba je?" kijana akauliza.

"Mteja kakuletea, ukamfukuza," mwenyekiti akasema. "Halafu ukamfungia mama wa watu mali yake. Hayo nayo yamo kwenye mkataba?"

Mwenyekiti akaomba karatasi, akaandika. Kijana akatia sahihi pale pale, juu ya meza ya chai, kwamba mkataba umekwisha na hatudaiani. Kisha sauti ikalainika.

"Bibi, basi niachie mlango. Fremu italalaje wazi?"

"Watalala mbuzi."

Kufuli sikumnyima. Nilimwambia alifungue aondoke nalo, akasema ufunguo ameusahau nyumbani. Tukapakia vitenge, tukapakia mlango, gari likapanda Newala.

Huku nimeutundika upande mmoja tu, mabawa yote mawili yanafunguka kama moja, na kufuli lake limo. Akilitaka, njia anaijua. Aje na ufunguo, aanze na shikamoo. Kuitika au kutoitika, nitaamua nikimwona.