Matairi ya Karugendo na Kengele ya Walutheri

Karugendo aliyajua matope kama mtu anavyomjua shemeji yake: lini ya kutaniana nayo, lini ya kunyamaza. Tangu arudi vitani alikuwa akiendesha lori kati ya Bukoba na Muleba, na nyuma lilivaa matairi yenye meno marefu kama vidole gumba. Matairi ya wenzake yaliisha mapema. Ya kwake yalikuwa na mwaka wa saba, kwa sababu kila kiangazi aliyavua, maana changarawe hula meno, akayalaza nyumbani juu ya nyasi, mbali na jua.

“Yanalala pazuri kuliko mimi,” mkewe Klaudia alilalamika.

“Siku utakaponitoa kwenye tope la Kamachumu, nitakutandikia wewe kwanza.”

Masika ya mwaka huo wa saba, Walutheri wa kilima kimoja huko Muleba walipata kengele yao, ikashushwa melini kwenye bandari ya Kemondo. Nathanael, mzee wa kanisa, akamwita Karugendo aibebe. Watu wakaguna, kwani Karugendo alikuwa Mkatoliki.

“Atakwama makusudi, mtaona,” alisema Buberwa, mkulima wa kahawa mwenye mdomo.

Maneno yakamfikia Karugendo, yakamkaa kifuani. Akikwama na magunia, amekwama tu. Akikwama na kengele hii, nani angempa tena mzigo?

Siku ile mvua ilikuwa imenyesha hadi asubuhi. Walipofika chini ya kilima, yeye na Nathanael, wakakuta waumini wamepasua mashina ya migomba na kuyatandika njia nzima ili lori lisizame. Karugendo akasimamisha lori. Shina la mgomba ni maji matupu, huteleza. Na nyuzi zake zikijaa katikati ya meno, tairi linakuwa kipara. Lakini walisimama pale na kanzu zao safi, wanatabasamu. Akaona haya kuwaambia waondoe. Akapita juu yake.

Lori likapanda kidogo, likaunguruma, kisha likaanza kurudi kinyumenyume. Karugendo akalielekeza kwenye ukingo wa njia, likaegemea, likatulia.

“Nilisema mimi!” Buberwa akapaza sauti. “Mkatoliki huyo!”

Karugendo akashuka. “Nathanael, waitu,” akasema kwa adabu ya Kihaya, “niazime panga.” Akachuchumaa, akakata nyuzi na kuzichokoa, jino moja baada ya jingine. Akapunguza upepo mpaka matairi yakabonyea chini. Sasa haya ilikuwa imemtoka.

“Migomba yote iondoke. Leteni nyasi za rweya, zile ngumu za mbugani. Na wanakwaya wapande nyuma, juu ya magurudumu.”

“Lori limekwama, unaliongezea watu?” Buberwa akacheka.

“Meno bila uzito hayaumi. Panda nawe, au baki usukume.”

Buberwa hakutaka kuonekana ametii. Akabaki kusukuma.

Karugendo akatia gia ya kwanza, akaacha lori lipande polepole kama ng'ombe mwenye mimba. Meno yakatafuna nyasi, yakashika udongo, yakatema matope nyuma. Kwaya ikaanza wimbo katikati ya kona, na hadi unaisha walikuwa mbele ya kanisa.

Buberwa akafika wa mwisho, mwekundu kwa matope kama tofali bichi, macho tu yakionekana. Watu wakavunjika mbavu. Akajifuta mdomo, akasogea mlangoni pa lori.

“Mzee Karugendo, nina kahawa yangu ya kwenda Bukoba.”

“Iko kavu?”

“Kavu kabisa, waitu.”

“Basi kesho asubuhi nakuja kuichukua.”