Barafu ya Papa Carmel

Baba yake alimpa jina la Prodige, yaani mtoto wa ajabu, kabla hajamwona akifanya lolote, na Prodige akaamini. Alikua Uvira, kule Kongo, akiamini, akavuka mipaka akiamini. Alipofungua kibanda cha kutengeneza simu katikati ya jiji la Durban, ndani ya chumba kimoja na saluni ya mkewe Antoinette, alikuwa bado anaingoja dunia igundue hilo. Antoinette alisuka upande wa dirisha, kwenye mwanga. Prodige alikaa ndani, kati ya simu zilizopasuka vioo, akiangalia video.

Video ndizo zilizomsomesha. Mwaka mmoja alijua kila ugonjwa unaotibika kwa siki. Mwaka uliofuata alijua nani hasa alijenga piramidi. Kisha ikaja barafu.

"Munajua zamani kule kaskazini ilikuwa barafu tupu?" aliwauliza wanawake waliokuja kusukwa, ambao hawakuweza kukimbia kwa sababu vichwa vyao vilikuwa nusunusu. "Barafu nene kama mlima! Kisha joto likaanza kurudi, ikayeyuka. Watu wakafurahi. Na ghafla! Maji yake yakamwagika baharini, yakaziba njia ya mkondo wa maji ya moto, baridi ikarudi. Mtoto aliyezaliwa kwenye joto akazeekea kwenye baridi. Ikakaa miaka zaidi ya elfu moja, halafu ghafla tena, joto!"

Tumpe haki yake, mpaka hapo hakudanganya. Waliochimba barafu ya Grinlandi wanasema karibu hivyo hivyo.

Salvator, Mrundi aliyekuwa mlinzi wa mlango wa jengo, alikuwa amesimama akisubiri simu yake. "Na huku kusini, Papa Carmel?" aliuliza, akimwita kwa jina la mtoto wake mkubwa. "Huku Durban ilikuwaje?"

Swali lilikuwa zuri. Bahati mbaya data ya Prodige ilikuwa imeisha pale pale video ilipofika kusini, naye hakuona haja ya kuimalizia.

"Vilevile," alisema. "Barafu mpaka Mobeni, kule kwenye maghala."

Na kwa kuwa kilichotokea kwa ghafla zamani kinaweza kutokea kwa ghafla kesho, akaanza kujiandaa. Alikwenda kwenye ghala moja la Mobeni, akarudi na mablanketi mazito yaliyobaki msimu uliopita, akayapanga chumbani mwao, mtaa wa Cato Manor, mpaka darini. Ilikuwa Februari. Durban ya Februari mtu anatoka jasho akiwa amekaa kimya. Carmel na mdogo wake walilala wamebanwa ukutani na mablanketi ya kuwaokoa.

Chumba chenyewe kilikuwa bondeni, hatua chache kutoka kijito. Antoinette alikuwa akitaka kuhama tangu mwaka wa nyuma.

"Kila mvua ikinyesha, kile kijito kinapanda," alimwambia. "Kule juu karibu na kwa rafiki yangu Spès iko chumba kinapangishwa. Twende."

"Mama Carmel, baridi ikija, upepo utapiga wapi kwanza? Mlimani! Bonde linatunza joto. Waliopona zamani ni watu wa mabondeni."

"Nani alikuambia?"

"Ni mantiki."

Antoinette alimtazama, akatazama mablanketi, akaenda kuinjika ugali.

Kanisani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Prodige alisimama wakati wa matangazo, akasema barafu ile ilianza kuondoka zaidi ya miaka elfu kumi iliyopita. Pasta Gustave, ambaye alikuwa amekwisha kupiga hesabu ya umri wa dunia na kupata elfu sita, alimwuliza kwa upole kama Adamu alizaliwa kwenye friji. Kanisa likacheka. Prodige akaondolewa kwenye kundi la wakaribishaji, asije akawapoteza wageni mlangoni. Alirudi nyumbani akiwa na furaha ya ajabu, kwa sababu alijua kwamba wenye akili wote waliwahi kukataliwa.

Kisha ikaja Aprili.

Mvua ilianza mwisho wa wiki na haikuonyesha dalili ya kuchoka. Jumatatu asubuhi simu zote za kibandani, hata zile zisizo na kioo, zililia tahadhari: mvua kubwa, walio karibu na mito wahame.

"Umesikia?" Antoinette alisema.

"Hiyo ni hali ya hewa," Prodige alijibu bila kuinua macho. "Hali ya hewa ni ya leo na kesho. Mimi nafuata tabianchi."

Antoinette alimsuka mteja msuko wa haraka, akafunga upande wake wa saluni, akaenda kuwachukua watoto. Mchana huo alipanda kilima mara mbili, akiwa na watoto, vyeti vyao na sufuria, mpaka kwa Spès. Prodige naye alikwenda nyumbani, lakini kulinda mablanketi.

Maji hayakupiga hodi. Kijito ambacho mbuzi angekiruka kiligeuka jitu la rangi ya chai ya maziwa, likaingia kwa mlango, likatoka kwa ukuta wa nyuma pamoja na kitanda. Prodige alipanda juu ya mablanketi. Mablanketi yalikunywa maji, yakalegea, yakaanza kuzama naye taratibu. Majirani wawili Wazulu walifunga pamoja kamba za kuanikia nguo, wakamtupia.

"Eish, baba, woza! Njoo! Acha hizo!" walipiga kelele, kwa sababu alikuwa bado amekumbatia blanketi.

Aliliacha. Walimvuta akiwa na kiatu kimoja.

Wengine wa bonde lile hawakupata kamba. Nyumba tatu za chini zilikwenda na waliokuwamo, na wiki ile Cato Manor ilizika. Hapo hakuna la kuchekesha, na hata Prodige alinyamaza.

Alinyamaza mpaka Jumapili.

Waliopoteza nyumba walikuwa wamehifadhiwa katika ukumbi wa kanisa, na Pasta Gustave alihitaji neno la kuwapa. Akakumbuka kwamba kondoo wake mmoja alikuwa akipiga kelele ya "ghafla" miezi yote ile. Ya elfu kumi akayasahau. Akamwita mbele Prodige, aliyekuwa amevaa suruali ya kuazima.

"Niliwaambia itakuja ghafla!" Prodige alisema.

"Amina!" watu wakajibu.

"Samahani, Papa Carmel," Salvator alisema kutoka nyuma. "Ulituambia baridi. Mbona tumepata maji?"

Prodige alimtazama kwa huruma. "Na barafu ni nini, ndugu yangu, kama si maji?"

Ukumbi ukalipuka kwa haleluya.

Antoinette hakusimama kushangilia. Jioni, kwa kuwa ukumbi ulikuwa na intaneti ya bure, aliifungua ile video, akaitazama hadi mwisho. Akamwendea mumewe, aliyekuwa amezungukwa na wanaume wakimwuliza kuhusu mwaka ujao.

"Papa Carmel, wanasema kaskazini ilipopoa, kusini ilizidi kupata joto."

"Kusini gani?"

"Huku."

Wanaume wakamgeukia. Prodige alikohoa. "Hayo ni mambo ya ndani sana," alisema. "Bado nayafanyia utafiti."

Wiki ile ile Antoinette alipanga kile chumba cha juu kwa jina lake mwenyewe. Hakumwomba ushauri, wala yeye hakuutoa, maana siku hizo alikuwa na mialiko. Makanisa mawili yalimwita kuhubiri juu ya ishara za nyakati. Lile la pili lilimkaribisha kama Daktari, naye hakuona ni adabu kuwasahihisha wenyeji wake.