Diski Mbili za Mzee Ndirangu

Haya yalinipata mimi mwenyewe, nikiyaona kwa macho yangu, na kwa bahati mbaya nikiyajibu kwa mdomo wangu. Usiniambie nilisinzia. Usiniambie ni njaa. Haikuwa usiku wala hapakuwa na bundi. Ilikuwa Alhamisi, saa tisa na dakika chache mchana, jua kali, ghorofa ya pili ya jengo moja katikati ya jiji la Nairobi, na jirani yangu muuza kava za simu alikuwa akila chapati na maharagwe. Marehemu akiamua kukusumbua saa za kazi, utamwambia nini? Mimi nilimwambia kitu, na kitu hicho ndicho kinachonitesa mpaka leo.

Nilikuwa fundi wa kompyuta. Ndiyo, mwanamke, na ndiyo, kila mteja mpya aliniuliza fundi mwenyewe yuko wapi. Kiduka changu kilikuwa kimegawanywa kwa mbao, mna meza moja na viti viwili. Kimoja nilikikalia mimi. Cha pili kilibeba monita mbovu, zile kubwa za kizamani zenye kisogo, ambayo mwenyewe aliiacha akaapa atairudia. Ilikaa pale mwaka mzima. Kwa hiyo wateja walisimama.

Mteja aliyesimama kuliko wote alikuwa Mzee Ndirangu wa Kabiria. Mwalimu mstaafu, mfugaji wa ng'ombe wawili, mjane, mwenye koti la kahawia lisilo na kifungo cha kati na kofia ambayo hakuivua hata kwenye joto. Alipenda kurekodi video. Alikuwa amerekodi kila kitu: harusi, ubatizo, ng'ombe akizaa, marehemu mkewe akikoroga uji na kumwambia aache kumsumbua na hiyo kamera. Mpwa wake alimletea kutoka ng'ambo sanduku dogo la kuhifadhia hizo video, la kuchomekwa kwenye kompyuta kwa waya. Lilifanana na tosta ya mkate, ila mahali pa mikate palikuwa na diski mbili, moja juu, moja chini. Kwenye boksi lake paliandikwa RAID, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja. Kanda zake zote nilizihamishia humo, kazi iliyonichukua wiki tano na subira yangu yote.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo kisa kilipo. Sanduku la aina hiyo unaweza kulipanga kwa njia mbili. Ya kwanza, diski moja inaiga nyingine, kila kitu mara mbili. Moja ikifa, nyingine inabaki na kila kitu. Ya pili, kila video inakatwa vipande vipande, kipande huku, kipande kule. Unapata nafasi kubwa, lakini diski moja ikitoka, iliyobaki haina maana yoyote. Nilimweleza Mzee haya yote kwa Kiswahili cha darasa la kwanza.

"Kwa hivyo mtu akichukua moja akaenda nayo?" akaniuliza.

"Hapati kitu, Mzee."

"Hata picha moja?"

"Hata moja."

Akacheka, meno yake machache yote nje. "Basi nipangie hiyo, mami."

Nilikasirika. Nikamwambia hiyo ni hatari, diski moja ikiharibika umepoteza zote. Akasema nyumba yenye watoto wawili pia iko hivyo. Nikaona huyu ananichezea tu. Nikampangia alivyotaka, nikaandika nyuma ya risiti kwamba nilimwonya, nikamwambia atie sahihi. Alitia kwa mwandiko mzuri wa mwalimu.

Ungedhani ameondoka? Thubutu! Kila wiki alikuja mjini, na kila akija mjini alipanda ngazi zangu. "Fundi, kazi yangu imefika wapi?" Kazi gani? Kazi ilikwisha zamani! Alitaka tu kusimama, kunionyesha ndama kwenye kamera, kuniuliza nitaolewa lini na mbona bado. Sikuwahi kuiondoa ile monita nimpe kiti. Nakuambia ukweli wote, pamoja na huo.

Kisha akapotea. Wiki ya kwanza nilifurahi. Ya pili sikumfikiria. Ya tatu, siku ya Jumatatu, akaja mwanamume wa makamo amevaa suti, kitambulisho cha ofisi bado shingoni. Alijitambulisha kwa jina la Kamau, anakaa Loresho, anafanya kazi Westlands. Akatoa kitambaa mfukoni, akakifungua, ndani mna diski moja.

"Madam, hii kitu haisomi. Nimejaribu kwa ofisi, nimejaribu kwa nyumba. Risiti inasema ni wewe uliiweka."

Nikaitambua. "Na mwenzake iko wapi? Na Mzee Ndirangu yuko wapi?"

Baba alizikwa wiki mbili zilizopita, akasema. Alianguka akikata nyasi za ng'ombe. Na mwenzake iko na ndugu yake mdogo.

Niliposikia kifo nilimpa pole. Niliposikia hayo ya ndugu yake, hasira zikanipanda hadi utosini. Kumbe baada ya matanga hawa watoto wawili wa Ndirangu waligawana vitu vya baba yao sawasawa, ng'ombe mmoja huku, mmoja kule, vikombe vitatu huku, vitatu kule. Walipofika kwenye sanduku wakaona lina diski mbili. Ala! Si rahisi? Kila mtu na yake! Wakazichomoa kama watu wanaogawana maembe.

Kesho yake akaja mdogo, Mbugua, anayekaa pale pale nyumbani Kabiria. Viatu vya mpira, diski kwenye mfuko wa unga.

"Siz, hii imekataa kufunguka. Huyo bro yangu amekupea pesa uifunge?"

Hebu niambie, ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi nilipiga meza. Nikamweleza kwamba alichonacho ni vipande, na alichonacho kaka yake ni vipande, na kwamba wote wawili hawana baba wala mama humo ndani mpaka waketi mahali pamoja. Akaniangalia kama nimemtukana. Hawakuwa wamesemezana kwa miaka miwili, tangu mama yao alipofariki, kwa sababu Kamau alipigiwa simu muda ukiwa umekwenda, akafika mama ameshafunikwa shuka. Kamau alisema ilikuwa makusudi. Mbugua alisema simu ya Kamau ilikuwa imezimwa.

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Ningechukua. Lakini Mbugua akaniambia jambo, na macho yake yakajaa maji. Siku mbili kabla ya kufa, baba alimwambia, "Neno langu kwenu liko kwenye sanduku." Nikampigia Kamau. Naye alikuwa amepigiwa simu na baba, maneno yale yale. Kwao baba hafi hivi hivi. Huwaita wanawe, akatemea kifua chake mate kidogo, akawabariki. Hawa hawakuitwa. Kila mmoja wao alikuwa akilala akijiuliza kama baba aliondoka amekasirika naye. Ndipo nikawaambia: Alhamisi, saa tisa, wote wawili, na asiyekuja asinipigie tena.

Walikuja. Kamau akasimama mwisho huu wa meza, Mbugua mwisho ule, na Mbugua ameleta sanduku tupu. Nyuma yao wateja wengine watatu, kila mmoja ana haraka. Nikazichukua diski mbili, nikazigeuza, nikazigeuza tena. Namba nilizoandika kwa kalamu, moja na mbili, zilikuwa zimefutika. Mzee alikuwa na tabia ya kupangusa vyombo vyake vyote kwa mafuta ya taa.

Utaniuliza, shida iko wapi, si ujaribu tu? Sanduku lile halikuwa na utani. Ukizipishanisha, ya juu ikawa chini, linaona diski ngeni, na aina ile niliwahi kuiona ikianza kujisafisha yenyewe, kufuta kila kitu, kabla hujashika waya. Nilikuwa na jaribio moja tu. Nikiwa nimeinama, jasho linanitoka, namtukana kimoyomoyo aliyebuni kitu hicho, nikasikia juu ya kichwa changu:

"Fundi, kazi yangu imefika wapi?"

Kwa mazoea, haki ya Mungu kwa mazoea tu, bila kuinua kichwa, nikafoka: "Mzee, si ungoje kwa laini kama wengine!"

"Nimengoja wiki tatu, mami," sauti ikasema, bila hasira. "Ya mdogo iweke juu. Mkubwa ndiye hubeba."

Hapo ndipo akili ilipopata habari ya kile masikio yalichosikia. Nikainua kichwa. Alikuwa amesimama katikati ya wanawe wawili, kofia kichwani, koti halina kifungo cha kati, mkono mmoja ameushika mwingine kama alivyosimama siku zote. Niliona hata kijiti cha nyasi kwenye mkono wa koti. Nikapepesa macho. Pale katikati palikuwa na nafasi tupu, na Kamau na Mbugua wananitazama.

"Madam, unafokea nani?" Kamau akauliza.

Nilichukua diski ya Mbugua nikaielekeza kwenye nafasi ya juu, na Kamau, amini usiamini, akanishika mkono. Eti yeye ndiye kifungua mimba. Eti yake haiwezi kukaa chini ya ya mdogo. Baba yao ametoka kaburini kuja kuwasaidia, yeye anashindania ghorofa! Nikamwambia, "Mkubwa ndiye hubeba."

Akaniachia mkono. Mbugua akajifunika uso kwa kofia yake. Baadaye waliniambia kwamba hayo ndiyo maneno ya baba yao walipokuwa wadogo, wakivuka mto msimu wa mvua, Mbugua mgongoni kwa Kamau. Hakuna mtu wa nje aliyeyajua. Kamau akachukua diski yake mwenyewe, akaisukuma mwenyewe kwenye nafasi ya chini.

Taa mbili zikawaka, na video zote zikajipanga kwenye kioo cha kompyuta, miaka yote ya familia ile. Wakaona mama yao akikoroga uji. Mbugua akasogea hatua moja, Kamau hatua moja. Nikashuka hadi mwisho kutafuta neno la baba, na ya mwisho kabisa ilikuwa na tarehe ya siku hiyo hiyo. Saa tisa na dakika nane. Wakati huo diski moja ilikuwa katika mkono wangu wa kulia na nyingine wa kushoto, hazijachomekwa popote.

Nikaifungua. Ukuta uliokuwa nyuma yake niliujua kabla ya kumtazama yeye: mbao zangu, kalenda yangu ya duka la vyuma yenye doa la chai. Mzee alikuwa amesimama mbele ya ukuta huo. Akakohoa. "Ningekaa," akasema, "lakini hapa hapana kiti." Kisha akatemea kifua chake mate kidogo, akawataja Kamau na Mbugua kwa majina yao yote, akasema hakuondoka na kinyongo na yeyote, simu ya siku aliyofariki mama yao ilikuwa na shida na hakuna aliyekosea, mpendane, mzae, msigawane nyumba. Alipofika hapo, ikasikika sauti ya mwanamke kutoka pembeni, kali, ya kukera:

"Mzee, si ungoje kwa laini kama wengine!"

Naye akageukia sauti hiyo, akatabasamu, akajibu lile jibu lake. Video ikakatika.

Walilia wale wanaume mpaka jirani yangu akaacha chapati yake. Walishuka ngazi pamoja, Kamau amebeba sanduku. Najua walipatana, kwa kuwa mpaka leo sanduku hukaa mwaka mmoja Loresho na mwaka mmoja Kabiria, na hakuna anayelifungua mwenzake asipokuwapo. Niliwanakilia kila kitu kwenye diski ya tatu pia, bure, kwa sababu nimechoka na mambo yao. Niliwasihi waniruhusu nikate sekunde chache tu za mwisho. Wakakataa katakata. Usiguse neno la baba, wakasema.

Kwa hiyo kila siku ya kumbukumbu yake video hiyo huchezwa mbele ya wajukuu, shangazi na mchungaji, anabarikiwa kila mtu, kisha mimi nafoka. Nimealikwa mara moja. Mtoto mmoja akauliza, "Huyo mama mbaya ni nani?" Nikainamia sahani yangu ya mukimo.

Ile monita niliitupa jioni ya Alhamisi ile ile. Kiti cha pili hakijabeba kitu tena, na atakayekuja, awe na kazi au awe amekuja kunionyesha ndama tu, anakaa. Nawe unayenisikiliza, zihifadhi picha zako zaidi ya mahali pamoja, na usiwagawie wanao kitu kisichogawanyika. Lakini zaidi ya hayo yote, kuna mzee anayekusumbua kila wiki na swali lile lile. Unamjua ninayemsema. Mwondolee monita kwenye kiti, sasa hivi, angali anaweza kukikalia.